Wewe Tutakuzika Wapi?

Mchungaji wetu na wazee wa usharika, mheshimiwa diwani, viongozi wa chama tawala na wa vyama vingine, ambao leo mmekaa benchi moja bila marehemu kuwalazimisha, jamaa zetu kutoka Kifanya, Matembwe na Njombe mjini, majirani wa hapa Makambako, Wakristo kwa Waislamu, Bwana Yesu asifiwe, asalaam aleikum, kamwene.

Mimi ni Sila Mtewele, mdogo wake marehemu wa kumfuata ziwa, ukoo umenipa kazi ya kusoma historia yake, na kama sauti yangu haifiki kule nyuma naomba mniwie radhi, maana katika nyumba yetu sauti yote alipewa yeye. Najua wapo kati yenu waliofika asubuhi hii wakidhani tunaelekea Kifanya, na wapo waliosikia kwamba wazee wa ukoo na mama mjane walivutana juu ya mahali pa kumlaza, msinong'one sana, nitayafikia yote hayo kwa mpangilio wake.

Marehemu Obed Yohane Mtewele alizaliwa tarehe 3 Aprili 1934 katika kijiji cha Kifanya, wilaya ya Njombe, akiwa mtoto wa kwanza kati ya sita wa mzee Yohane Mtewele na mama Lea, ambao wote wametangulia, alibatizwa mwaka huo huo, na mama alikuwa akisimulia kwamba mchungaji alipommwagia yale maji ya baridi ya Kifanya mtoto hakulia, alifumbua macho akamkazia mchungaji kama mtu anayesubiri kuelezwa sababu. Alianza shule ya misheni mwaka 1943, akaendelea na shule ya kati mwaka 1949, akamaliza darasa la nane mwaka 1953, alichapwa mara nyingi, si kwa utundu bali kwa kuuliza, na kiboko hakikumponya.

Mwaka 1954 alipanda lori pamoja na vijana wengine wa Ubena waliokuwa wakienda kukata mkonge Tanga, yeye kwa sababu ya darasa lake akafanywa karani wa shamba, na huko aliona jambo ambalo hatukulijua mpaka alipokuwa mtu mzima. Kijana wa kutoka pande za Lupembe aliugua homa akafa, akazikwa ukingoni mwa shamba na watu wasiojua hata jina la baba yake, na mvua zilizofuata mahali pale palipandwa mkonge. Kaka hakulia mbele yetu alipolisimulia, lakini alinyamaza muda mrefu, na ninyi mnaomjua mnaelewa kwamba kunyamaza kwake kulikuwa kilio kikubwa kuliko cha mtu mwingine.

Alirudi nyumbani mwaka 1960, akaajiriwa kuwa karani wa chama cha ushirika Njombe, akipokea pareto na mahindi ya wakulima, na tarehe 17 Agosti 1963 alifunga ndoa takatifu na Priska Mwalongo, binti wa Matembwe, ambaye wakati huo watu walimwonea huruma kwa kuolewa na mwanaume mwenye maneno mengi, wasijue kwamba yeye ndiye mwenye neno la mwisho. Mungu aliwajalia watoto wanne, Erica, Tito, Yeremia na Lea, wote wako hapa, pamoja na wajukuu tisa.

Vyama vya ushirika vilipovunjwa mwaka 1976 marehemu alihamia Makambako, akapata kazi ya karani wa mizigo katika stesheni ya reli, na wazee mtakumbuka Makambako ya wakati ule, reli imepita, barabara kuu ya kwenda Mbeya imepita, ya Songea inakuja, kila kitu kinapita na upepo wenyewe unapita kwa nguvu, mtu aliyebaki alionekana ameachwa na gari. Alifanya kazi stesheni miaka kumi, kisha biashara zilipofunguliwa, watu wakaruhusiwa kujaribu, akaacha kazi mwaka 1986 na kununua mashine ya kusaga, hii iliyo nyuma yenu, ambayo imenyamaza tangu Jumamosi.

Hapo ndipo Makambako ilipompata, au yeye alipoipata, sijui nisemeje. Mama akileta debe lake la mahindi ilibidi asubiri, na akisubiri ilibidi asikie maoni, mashine inanguruma, kaka anapaza sauti kuishinda, hata akazoea, ikawa kanisani anapaza sauti, mezani anapaza sauti, hospitalini wauguzi walimwambia mzee, tunakusikia. Watu walisema unga wa Obed unakwenda nyumbani na siasa ndani yake, wengine wakapeleka mahindi mashine nyingine wapate kupumzika, kisha wakarudi, kwa maana huko walipata unga tu.

Maoni yake mliyasikia, ila ni haki yasomwe kwa heshima walau mara moja bila mtu kumkatiza. Alisema mbao zetu zinaondoka hapa zikiwa mbichi, halafu tunanunua milango kutoka mbali, na mji unaouza mbao ukanunua milango umejifungia nje. Alisema chuma cha Liganga kipo, alikisikia tangu akiwa mtoto na anaamini kipo, lakini mwenye akili halali njaa akisubiri ng'ombe wa jirani azae, apande miti yake, achome tofali zake, chuma kikija kikute nyumba. Alisema Njombe isiione Makambako kama mfuko wa kuchukulia ushuru, na Makambako nayo isilie kama mtoto wa kambo, ijipange, maana mgawanyo humwendea aliyesimama. Vyama vingi vilipokuja alikwenda kwenye mikutano ya vyote, akakaa mbele kote, akapiga makofi palipostahili, na kote alisema kwamba ushindani ni mzuri hata kwa mashine za kusaga.

Lakini hoja yake kuu ilikuwa moja, na hiyo ndiyo imetufikisha hapa tulipo leo. Kila Jumamosi alisimama barabarani hapo mbele, akavua kofia, akatazama magari yanayobeba majeneza kutoka Makambako, hili la Lupembe, lile la Ludewa, lingine la Songea, kila mmoja anarudishwa kwao, naye akasema, mji umepungua tena. Aliamini kwamba mtu hajengi vizuri mahali ambapo hatazikwa, ndiyo maana tulijenga kwa tofali mbichi, ndiyo maana tulikataa kuchangia bomba la maji tukisema hapa tunapita tu, na ndiyo maana kiongozi akipata madaraka barabara ya kwanza kuchongwa ni ile ya kijijini kwake. Kwa hiyo akija diwani, akija mgombea, akija afisa kutoka mkoani Iringa, marehemu alinyoosha mkono, akasimama, akauliza swali lake lile lile: "Mheshimiwa, siku Mungu akikuita, wewe tutakuzika wapi?"

Kuna walioudhika, kuna afisa mmoja aliyefunga mkutano akapanda gari, na kuna mgombea aliyejibu kwamba yeye hana mpango wa kufa, kaka akamwambia, basi huna mpango wowote.

Tarehe 14 Machi 1987, katika mkutano wa hadhara uliofanyika sokoni, alipendekeza mji utenge ardhi ya makaburi, watu wakacheka, mtu mmoja akapaza sauti, "Mzee wa mashine amemaliza mahindi, sasa anataka kutusaga sisi!" Aliyesimama kumuunga mkono alikuwa mmoja tu, mzee Kheri, mwenye malori, mzaliwa wa Ujiji, yule pale mwenye kanzu, ambaye alieleza kwamba Waislamu huzika mtu pale mauti yalipomkutia, na kwamba nafasi yao nyuma ya msikiti imekwisha. Wawili hao walihangaika ofisi hadi ofisi, wakaitwa watu wa mkosi, hadi mwaka 1989 kilipotengwa kile kilima cha upande wa juu wa reli, nusu ya Waislamu na nusu ya Wakristo, na walipoambiwa wajenge ukuta katikati walikataa wote wawili, wakasema hao watakaolala pale hawatagombana.

Mwaka uliofuata, tarehe 6 Juni 1990, mzee Kheri alifiwa na mke wake, bi Mwanaheri, akamzika kilimani, kaka akiwa mmoja wa waliobeba jeneza, na kabla ya arobaini kuisha mzee Kheri alivunja nyumba yake ya udongo akaanza kuchoma tofali, akisema Mwanaheri hana tena safari, na yeye hana. Nyumba ile ndiyo ile ya vyumba vinane mnayoiona mkishuka kwenye basi, na marehemu aliwaonyesha wageni kwa kidole kama yake, akisema mnaona, nilisema.

Upande wa Wakristo mambo yalikuwa mengine, ndugu zangu, tuseme ukweli. Hakuna mwenyeji aliyemlaza mtu wake pale, walizikwa wasafiri waliopata ajali wasijulikane, walizikwa vibarua waliokosa ndugu, na watu wakapaita makaburi ya wasio na kwao, jina likakaa. Mwaka 1991 mama yetu Lea alifariki hapa hapa, katika nyumba hii, na mji mzima ukageuka kumtazama Obed, naye akampeleka Kifanya. Walimsema sana, wakamwita nabii wa makaburi ya wenzake, na alipogombea udiwani mwaka 1994 jambo hilo ndilo lililomwangusha, kila alipofungua mdomo waliuliza, mama yako yuko wapi? Akajibu, bila kukasirika, "Mama nilimwuliza, akachagua kulala na baba. Mimi sijawahi kumlazimisha mtu, mimi nawauliza." Hawakumwelewa, akashindwa vibaya, na kesho yake asubuhi akawasha mashine akampongeza mshindi kwa sauti iliyofika stesheni.

Mwaka jana lilitolewa wazo kwamba ile nusu ya kilima, kwa kuwa wenyeji hawaitumii, ikatwe viwanja vya kuuzia mbao, na uamuzi ukaahirishwa hadi mwisho wa mwaka huu. Wenye wazo hilo sitawataja, msiba si mahali pake, nao wenyewe wanajijua na wamekuja kuzika, tunawashukuru. Kaka aliwaambia wazi kwamba kilima kikiuzwa hakitarudi, na wakamjibu, mzee, tuonyeshe mwenyeji mmoja tu aliyelala pale.

Ugonjwa ulimwanza mwezi Februari mwaka huu, miguu ikavimba, pumzi ikawa fupi, akalazwa hospitali ya misheni ya Ilembula, madaktari wakatueleza kwamba ni moyo, akaruhusiwa mwezi Aprili, akarudi kwenye mashine, akalazwa tena tarehe 28 Julai, na hata kitandani alimwuliza daktari kijana kutoka Moshi swali lake lile, daktari akasema hajafikiria, akaambiwa afikirie. Alifariki Jumamosi tarehe 9 Agosti 1997, saa nne asubuhi, mkono wake ukiwa katika mkono wa Priska. Inaniuma kusema kwamba katika miaka yote hiyo mtu aliyemwuliza kila mtu hakuulizwa na yeyote, sisi ndugu tulidhani tunajua jibu, kila mmoja la kwake, naye akaondoka bila kutamka.

Jumapili baada ya ibada wazee wa ukoo walifika kutoka Kifanya na gari tayari, wakiongozwa na baba yetu mdogo, mzee Lukas Mtewele, ambaye amevuka miaka themanini na ndiye mwenye jembe la ukoo, na kwa wageni nieleze, kwetu sisi kaburi halichimbwi mpaka mkubwa wa ukoo apige jembe la kwanza ardhini, vijana wakianza bila yeye ni kama wamemfukia mbwa. Mahali palikwishaonyeshwa, kando ya baba na mama, na mzee Lukas alisema maneno ambayo hakuna aliyeweza kuyapinga: "Vanyalukolo, ndugu zangu, mtoto wangu alisema mengi, lakini mtu hazikwi kwa hotuba. Nyie mnataka nimweke Obed na watu wasio na kwao? Yohane ataniuliza nini? Mkataa kwao ni mtumwa." Nasi tuliinamisha vichwa, kwa sababu kumlaza mtoto wa kwanza wa Yohane Mtewele pale kilimani ni kutangaza kwamba hakuwa na baba, na mimi mwenyewe, niseme bila kuficha, nilikuwa upande wa gari.

Kwa desturi mjane hasemi katika kikao kile, hukaa kwenye mkeka na wanawake, kichwa amefunika, kinachoamuliwa hupelekewa. Shemeji yangu Priska alifunua kichwa, akaomba maji, akanywa, akasema kwa sauti ndogo, maana sauti kubwa haikuwahi kuwa kazi yake katika nyumba hii, "Baba, mnajadili Obed alisema nini na hakusema nini. Mimi sijui, na sitamsingizia marehemu. Lakini mimi bado nipo, na hakuna aliyeniuliza. Niulizeni."

Baba mdogo alitazama fimbo yake, na kwa kuwa ni mtu wa haki akauliza, kwa Kibena na kisha kwa Kiswahili ili wote wasikie, "Priska, mwanangu, wewe tutakuzika wapi?"

Akajibu, "Hapa. Matembwe niliondoka nikiwa msichana, Kifanya nilikuwa mkwe, hapa ndipo nilipokuwa mtu. Nitalala kilimani, na nafasi ya kando yangu mnajua ni ya nani. Mkimpeleka Kifanya leo, mjue mmetutenganisha, na hakuna kati yenu atakayeweza kuishi na hilo hata mwaka mmoja." Kisha akajifunika kichwa tena, na Erica akamshika bega.

Mzee Kheri alikuwa mlangoni, si ndani ya kikao, akasema tu kwamba kama ni hofu ya kulala na wasio na kwao, Mwanaheri yuko hatua chache kutoka pale, na yeye anamhesabu Obed kuwa ni kaka yake, basi marehemu ana ndugu pale. Baba mdogo alilia, tulimwona akilia, na alipomaliza alisema kwamba yeye ni mzee, macho yake hayaoni vizuri, basi mtu amwonyeshe njia ya kwenda huko kilimani asije akapotea siku ya kwanza. Gari la Kifanya likarudi tupu, na leo alfajiri, katika baridi hii ya Agosti, mzee Lukas Mtewele alipanda kilima akishikwa mkono na mzee Kheri, akavua viatu, akalitaja jina la baba yetu Yohane na la mama yetu Lea, akapiga jembe la kwanza katika ardhi ya Makambako, vijana wa ukoo wakaendelea. Mbele yangu alisema, "Sasa na hapa ni kwetu," na ninyi mnaotaka viwanja vya mbao mtatafuta mahali pengine, mwenyeji mmoja mliyemtaka mnaye.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Ilembula waliomhudumia kwa upendo na kuvumilia sauti yake, inamshukuru mchungaji na usharika, wafanyakazi wa reli waliowahi kufanya naye kazi, wenye mashine wenzake ambao kwa heshima wamezima zao zote leo ingawa mji unataka unga, akina mama wa mtaa waliopika tangu Jumamosi, jumuiya ya Waislamu iliyoleta mahema na watu, na mzee Kheri, ambaye hatuna la kumpa zaidi ya kumwita kaka. Viongozi wetu tunawashukuru kwa kufika, na kwa kuwa aliyekuwa akiwauliza hayupo, naomba kila mmoja akiwa njiani kurudi ajiulize mwenyewe kimya kimya, nami nitajiuliza, maana kaka aliniuliza zaidi ya mara moja nikamjibu kwa kucheka.

Mara nyingi jeneza likitoka katika nyumba za hapa huingizwa ndani ya gari, watu hupunga mkono, gari likakata kona na mji ukapungua. Leo hatuna gari. Vijana, simameni mshike, baba mdogo atangulie, shemeji yangu afuate, na ninyi wote mje nyuma taratibu kwa sababu kilima kina mwinuko, tunampeleka kaka yetu kwao kwa miguu.

Obed, swali lako limejibiwa. Pumzika kwa amani.